Kutoboa Unachokiona

Kongosho limelala nyuma kabisa ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo, na mishipa mikubwa ya damu imelizunguka. Ndilo linalotengeneza insulini. Ndilo pia linalomwaga utumboni majimaji yenye vimeng'enya vikali vya kusaga nyama, mafuta na wanga. Mtu akiwa mzima, vimeng'enya vya kusaga nyama havianzi kazi mpaka vifike utumboni. Lakini kijiwe cha nyongo kikiziba njia, au pombe ikilisumbua kongosho kwa miaka mingi, vimeng'enya huamka kabla ya wakati wake. Kongosho huanza kujisaga lenyewe.

Mgonjwa hushikwa na maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, akitapika bila nafuu. Wengi hupona baada ya siku kadhaa za maji ya mshipani na dawa za maumivu. Kwa wengine majimaji huvuja na kutuama nyuma ya mfuko wa chakula, na baada ya wiki kadhaa mwili huyajengea ukuta wa kovu. Yakiwa majimaji matupu, madaktari huuita mkusanyiko huo kifuko bandia. Ndani yake yakiwamo mabaki ya kongosho na mafuta yaliyokufa, shida ni kubwa zaidi, na vijidudu vikiingia humo mgonjwa yuko ukingoni mwa kifo. Kwa karibu miaka 140 madaktari wamekuwa wakitafuta njia ya kuutoa uchafu huo bila kumuua mwenye nao.

Wa kwanza kupata njia inayokumbukwa na wengi alikuwa Karl Gussenbauer, mpasuaji wa Prague na mwanafunzi wa Theodor Billroth wa Vienna. Mwaka 1883 alitoa taarifa ya mgonjwa aliyemfungua tumbo, akaushona ukuta wa kifuko kwenye ngozi ya nje, kisha akauacha wazi ili majimaji yatiririke. Mgonjwa aliokoka. Lakini njia hiyo ilikuwa na adha yake: kidonda kilichounganishwa na kongosho kinaweza kuvuja kwa miezi, na majimaji yale yale yanayosaga chakula huchubua ngozi ya tumbo.

Wakati huo ugonjwa wenyewe ulikuwa haujaelezwa sawasawa. Kazi hiyo ilifanywa na Reginald Fitz, mtaalamu wa patholojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ameuelezea pia ugonjwa wa kidole tumbo. Mwaka 1889 alikusanya taarifa za watu waliokufa kwa uvimbe wa ghafla wa kongosho, akapanga dalili zao, akaonya kwamba kumpasua mgonjwa siku za mwanzo ni hatari kubwa. Onyo hilo halikusikilizwa na wote. Kwa miongo mingi baadaye wapasuaji waligawanyika, huku Berkeley Moynihan wa Leeds akiandika mwaka 1925 kwamba miongoni mwa maafa yote yanayoweza kuvipata viungo vya tumboni, hili ndilo la kutisha kuliko yote.

Prague ilirudi tena kwenye kisa hiki mwaka 1921. Rudolf Jedlička, mpasuaji na mmoja wa waasisi wa matumizi ya eksirei katika nchi yake, aliona kwamba hakuna haja ya kuyaleta majimaji nje ya mwili. Kifuko kimegandamana na mfuko wa chakula. Kwa nini usitoboe ukuta unaovitenganisha, majimaji yaingie tumboni na yapite njia ya chakula? Ndivyo alivyofanya. Mwaka 1931 Anton Jurasz wa Poznań, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliongoza shule ya udaktari ya Wapolandi huko Edinburgh, alieleza namna ya kuufikia ukuta huo kwa kuufungua kwanza mfuko wa chakula kwa mbele. Upasuaji huo ulitawala kwa zaidi ya nusu karne, na bado unafanyika.

Kwa hiyo wazo la tundu ni la zamani. Mengi yaliyofuata yalihusu namna ya kulifikia bila kisu, na zaidi ya hapo, namna ya kuona kilicho upande wa pili kabla ya kutoboa.

Mlango wa kuingilia ulikuwepo siku zote: mdomo. Mwaka 1868 Adolf Kussmaul wa Freiburg aliingiza bomba lililonyooka ndani ya tumbo la mtu aliyezoea kumeza panga mbele ya watazamaji, kwa kuwa ni mtu wa namna hiyo tu angeweza kulivumilia. Bomba gumu halikuweza kufika mbali. Mabadiliko makubwa yaliletwa na Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1954 alisoma katika jarida la Nature kwamba Harold Hopkins na Narinder Kapany walikuwa wamefaulu kupitisha picha ndani ya fungu la nyuzi za kioo zinazopindika. Akishirikiana na mwanafizikia Wilbur Peters na mwanafunzi kijana, Lawrence Curtiss, aliyegundua namna ya kuuvika kila uzi gamba la kioo cha aina nyingine ili mwanga usipotee, Hirschowitz alipata endoskopu inayojikunja, yaani bomba la kutazamia ndani ya mwili. Mwanzoni mwa 1957 aliimeza mwenyewe kabla ya kumwekea mgonjwa. Ujasiri wa aina hiyo unastahili heshima. Hakutaka mgonjwa awe wa kwanza kujua kama kifaa kinamezeka.

Endoskopu ilimpa daktari macho ndani ya tumbo, ila macho hayo yaliishia ukutani. Kongosho liko nyuma ya ukuta. Mwaka 1975 B. H. Rogers na wenzake huko Marekani walichoma sindano kupitia endoskopu, ikapenya ukuta wa tumbo hadi kwenye kifuko bandia, wakanyonya majimaji. Njia ilikuwa imefunguka, ingawa kunyonya peke yake hakutoshi mara nyingi: mfereji wa kongosho ukiwa bado umechanika, kifuko hujaa tena. Tundu lazima libaki wazi kwa wiki kadhaa.

Miaka ya 1980 ndipo walipojitokeza watu wa kulitoboa na kuliacha wazi. Mwaka 1985 Richard Kozarek na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa wanne. Jean Sahel alikuwa akifanya hivyo Marseille. Huko Brussels, katika Hospitali ya Erasme, Michel Cremer na Jacques Devière waliifanya kazi hii kwa uvumilivu mkubwa, na mwaka 1989 wakatoa matokeo ya wagonjwa 33 waliowafuatilia katika kipindi cha miaka saba. Walitumia waya wenye umeme kuunguza tundu, kisha wakaweka mirija midogo ya plastiki kulizuia lisizibe.

Je, walijuaje pa kutoboa? Walitafuta mbonyeo. Kifuko kikubwa huusukuma ukuta wa tumbo kwa ndani, na daktari aliyeona tuta hilo kwenye picha alitoboa katikati yake. Pasipo na tuta, hapatobolewi. Na hata palipo na tuta, hakuna aliyejua kwa hakika kama mshipa wa damu umepita hapo katikati. Hatari hiyo si ya kufikirika, kwa maana kongosho lililovimba huweza kuuziba mshipa unaotoka kwenye bandama, na damu iliyozuiwa hujitafutia njia kwa kutanua mishipa ya ukuta wa tumbo. Ukichoma mshipa wa namna hiyo, damu hububujika mahali ambapo huwezi kupashika kwa mkono. Madaktari wale walikuwa hodari, lakini walikuwa wakibahatisha, na wao wenyewe walijua.

Jibu lilikuwa linaandaliwa kwingine. Altrasaundi ya juu ya ngozi ilishindwa kuliona kongosho vizuri kwa sababu hewa ya utumbo na mafuta ya tumbo huzuia mawimbi ya sauti. Mwaka 1980 makundi mawili, moja la Eugene DiMagno wa Mayo Clinic huko Marekani na jingine la Wajerumani akiwamo Meinhard Classen, yalitangaza endoskopu zenye altrasaundi ndogo kwenye ncha. Kifaa kinaingia mdomoni, kinashuka hadi tumboni, na kutoka hapo kongosho liko umbali wa milimita chache tu. Picha ikawa safi kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana kabla.

Bado kulikuwa na kikwazo kimoja. Vifaa vya aina ya mzunguko vilionyesha duara la picha lililokata endoskopu kwa upana, hivyo sindano iliyotoka kwenye ncha ilionekana kama nukta au haikuonekana kabisa. Kilichohitajika ni kifaa kinachotuma mawimbi sambamba na endoskopu, ili sindano ionekane kwa urefu wake wote tangu itoke hadi ifike. Kifaa hicho kilipopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, Peter Vilmann na wenzake wa Denmark walikitumia kuchukua chembe kwenye kongosho kwa sindano.

Hamburg walikwenda hatua moja mbele. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Eppendorf, kitengo cha endoskopia kiliongozwa na Nib Soehendra, mzaliwa wa Indonesia aliyegeuza idara hiyo kuwa mahali pa kukusanyikia madaktari kutoka pande zote za dunia. Mwaka 1992 yeye, Hans Grimm na Kenneth Binmoeller walichapisha taarifa ya kurasa mbili kuhusu kifuko bandia kilichotolewa majimaji kwa kuongozwa na altrasaundi ya ndani. Kurasa mbili tu. Lakini kuanzia hapo daktari aliweza kukiona kifuko, kuupima unene wa ukuta, kuwasha Doppler ili mishipa ya damu ijitokeze kwa rangi, na kuchagua mahali pasipo na mshipa. Mbonyeo haukuwa sharti tena.

Utaratibu uliozaliwa humo ni huu. Mgonjwa analazwa usingizi. Sindano inapita ukuta wa tumbo hadi ndani ya kifuko huku daktari akiifuata kwenye skrini. Majimaji kidogo yanavutwa na kupelekwa maabara. Waya mwembamba unapitishwa ndani ya sindano na kujizungusha ndani ya kifuko, nao huonekana kwa eksirei. Sindano inatolewa, waya unabaki, na puto dogo linapandishwa juu yake hadi kwenye tundu, linajazwa ili kulipanua. Mwisho inawekwa mirija miwili ya plastiki iliyojikunja ncha zote mbili ili isichomoke. Mwaka 1996 Maurits Wiersema wa Marekani alionyesha kwamba kazi yote inaweza kumalizwa kwa endoskopu hiyo hiyo moja, bila kuitoa na kuingiza nyingine.

Iliwachukua madaktari miaka mingi kuthibitisha kwa kipimo kile ambacho macho yao yalishawaambia. Mwaka 2008 Shyam Varadarajulu na wenzake wa Birmingham, Alabama, waliwagawa wagonjwa wa kifuko bandia kwa kura: wengine watobolewe kwa endoskopu ya kawaida, wengine kwa altrasaundi ya ndani. Kwa altrasaundi walifaulu kwa wote 14. Kwa njia ya zamani walifaulu kwa 5 kati ya 15, wawili walitokwa na damu nyingi, na mmoja wao akafa. Wale walioshindikana walihamishiwa kwenye altrasaundi, na huko wakafaulu. Baada ya matokeo hayo ni vigumu kuona sababu ya kutoboa gizani pale kifaa kilipo.

Kifuko chenye majimaji matupu kilikuwa kimepata dawa yake. Tishu iliyooza ilikuwa jambo jingine. Mrija mwembamba unapitisha maji lakini haupitishi vipande vya nyama iliyokufa. Mwaka 1996 Todd Baron na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 11 waliowekewa, pamoja na mirija ya kutolea uchafu, mrija wa kupitia puani ulioingiza maji ya kuosha shimo mchana na usiku. Wazo lilikuwa kuusukuma uozo utoke polepole.

Kisha ukaja mwaka 2000, na hapa inafaa kusimama kidogo. Hans Seifert na wenzake wa Frankfurt waliandika katika The Lancet kuhusu wagonjwa watatu. Walilipanua tundu la ukuta wa tumbo kwa puto hadi likatosha, halafu wakaipitisha endoskopu yenyewe, ikatoka nje ya mfuko wa chakula na kuingia katika shimo lililo nyuma yake. Kwa vizazi kadhaa kila daktari wa endoskopia alikuwa amefundishwa kwamba tumbo likitoboka ni balaa la kukimbilia chumba cha upasuaji. Sasa walikuwa wamevuka ukuta kwa makusudi, wakivuta vipande vilivyooza kwa vyavu na koleo ndogo na kuviacha ndani ya mfuko wa chakula ili vipite na chakula. Ukuta wa kovu ulioundwa na ugonjwa ndio uliowalinda, kwa kuwa ulizuia uchafu usimwagike tumboni kote.

Kazi hiyo haikuwa salama, na walioianzisha hawakuficha. Mwaka 2009 Seifert na vituo vingine vya Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 93. Asilimia 80 walifaulu mwanzoni, lakini zaidi ya robo walipata madhara na asilimia 7.5 walikufa ndani ya siku 30. Miongoni mwa madhara hayo ilikuwamo hewa ya endoskopu kupenya ndani ya mishipa ya damu. Ndiyo maana leo shimo hupulizwa kwa kaboni dayoksaidi, ambayo huyeyuka haraka kwenye damu, badala ya hewa ya kawaida.

Sambamba na macho, kulikuwa na somo la kusubiri. Septemba 1992 wataalamu walikutana Atlanta, chini ya uongozi wa mpasuaji Edward Bradley, wakakubaliana namna ya kuuainisha ugonjwa huu. Uainishaji huo ulirekebishwa na kuchapishwa upya mwaka 2013, ukitenganisha mikusanyiko ya majimaji matupu na ile yenye tishu iliyokufa, na kuweka mpaka wa wiki nne. Kabla ya wiki nne ukuta kwa kawaida haujakomaa, na kutoboa ni hatari zaidi. Baada ya hapo kuna kitu cha kushika.

Waholanzi ndio walioupeleka mjadala mbele kwa majaribio makubwa yaliyopangwa kwa kura. Katika utafiti wao wa mwaka 2010, ulioongozwa na Hjalmar van Santvoort na kundi la Uholanzi la ugonjwa wa kongosho, wagonjwa 88 wa hospitali 19 waligawanywa. Nusu walipasuliwa tumbo moja kwa moja na kuondolewa uozo. Nusu walipandishwa ngazi: kwanza mrija wa kutoa usaha, kupitia ngozi au ukuta wa mfuko wa chakula, na upasuaji mdogo tu pale mrija uliposhindwa. Madhara makubwa au kifo viliwapata asilimia 69 ya waliopasuliwa, na asilimia 40 ya waliopandishwa ngazi. Asilimia 35 ya kundi la pili hawakuhitaji chochote zaidi ya mrija. Idadi ya vifo haikutofautiana sana, na hilo lazima lisemwe, lakini waliopandishwa ngazi walibaki na ngiri chache na kisukari kidogo.

Swali likawa: ngazi ipandwe kwa njia ipi? Kundi hilo hilo lilijibu mwaka 2018 kwa wagonjwa 98. Endoskopia haikupunguza vifo wala madhara makubwa ikilinganishwa na upasuaji mdogo: asilimia 43 kwa 45. Ila vidonda vya kuvuja majimaji ya kongosho vilikuwa asilimia 5 kwa wa endoskopia na 32 kwa wa upasuaji, na wa endoskopia walikaa hospitali siku chache zaidi. Ile adha ya Gussenbauer, ya mgonjwa kutembea na tumbo linalovuja, ilikuwa imepata dawa. Mwaka uliofuata Ji Young Bang na wenzake wa Orlando walipata tofauti kubwa zaidi kwa wagonjwa 66: madhara makubwa asilimia 12 kwa endoskopia, 40.6 kwa upasuaji.

Vifaa navyo vilibadilika. Binmoeller, yule wa Hamburg, alikuwa amehamia California na kubuni stenti, yaani mrija mfupi wa chuma, yenye kingo pana pande zote mbili, mithili ya kibiringo cha uzi. Kingo hizo huushika ukuta wa tumbo na ukuta wa kifuko visiachane, na uwazi wa katikati hutosha kupitisha endoskopu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu Desemba 2013. Toleo la baadaye lilikuwa na ncha ya umeme iliyotoboa na kuweka stenti kwa mkupuo mmoja. Kazi ya hatua nyingi ikawa ya dakika chache, na wengi waliikumbatia.

Bang na Varadarajulu, waliokuwa wakiilinganisha na mirija ya plastiki, walifanya jambo la kiungwana: walikagua matokeo kabla utafiti haujakwisha na wakayatangaza. Wagonjwa 6 kati ya 12 wa stenti ya chuma walikuwa wamepata madhara yanayotokana nayo, na hakuna hata mmoja wa plastiki. Shimo lilikuwa likinywea haraka, ukuta wa nyuma ukaja mbele, na chuma kikasugua mishipa ya damu au kikazama ndani ya nyama. Wakabadili utaratibu: mgonjwa apigwe picha ya CT baada ya wiki tatu, na shimo likishafunga stenti itolewe.

Plastiki haikustaafu. Kongosho likikatika katikati, sehemu ya mkia huendelea kutoa majimaji yasiyo na njia. Mwaka 2007 Marianna Arvanitakis na wenzake wa Brussels waliwatoa wagonjwa wengine mirija yao na wengine wakawaachia. Kati ya 13 waliotolewa, vifuko viliwarudia 5. Kati ya 15 walioachiwa, hakuna hata mmoja.

Mwaka 2021 Waholanzi waliuliza swali ambalo wengi walidhani limeshajibiwa. Ikigundulika kwamba uozo umeingiwa na vijidudu, mrija uwekwe ndani ya saa 24, au mgonjwa apewe antibaotiki na kusubiri ukuta ukomae? Lotte Boxhoorn na wenzake waliwagawa wagonjwa 104. Kuharakisha hakukupunguza madhara wala vifo. Waliowahiwa walifanyiwa matibabu ya kutoboa na kutoa uozo mara 4.4 kwa wastani, waliosubirishwa mara 2.6. Na kati ya wagonjwa 49 waliosubirishwa, 19 walitibiwa kwa antibaotiki peke yake, bila sindano wala mrija wowote kupita kwenye ukuta wa tumbo lao.